Fidla Haitoshi Kuifanya Metali Iwe ya Jadi

Nianze na msimamo wangu ili tusipotezeane muda. Bendi nyingi zinazotangazwa kuwa za folk metal hazina jadi yoyote ndani yake. Zina fidla, zina filimbi, zina jamaa aliyejifunga ngozi ya mnyama kiunoni na pembe ya bia mkononi. Ukiiondoa fidla na filimbi, inabaki hevi metali ile ile ya kila siku. Jadi imewekwa kando kama kachumbari kwenye sahani ya pilau: ukiisukuma pembeni, pilau haipungukiwi kitu. Wakati huo huo zipo bendi ambazo hazishiki kabisa ala ya kienyeji, na bado zimebeba mambo ya kwao tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kwangu, muziki huu, ambao humu nitauita metali ya jadi, unapimwa kwa kitu kimoja tu: je, jadi imo kwenye mdundo, lugha na mwendo wa sauti, au imo kwenye mavazi?

Wengi huanza kuhesabu kutoka Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1990. Martin Walkyier, aliyekuwa ametoka bendi ya Sabbat, aliungana na Steve Ramsey na Graeme English wakaunda Skyclad. Albamu yao ya kwanza, The Wayward Sons of Mother Earth, ilitoka 1991, na ndani yake umo The Widdershins Jig, wimbo ambao fidla inacheza dansi ya kijijini huku magitaa yakikata kwa kasi. Wapenzi wa metali wanauhesabu kuwa jiwe la msingi. Mwaka uliofuata bendi ikawa na mpiga fidla wake, Fritha Jenkins. Magitaa ya umeme yalikuwa yameshakutana na nyimbo za mababu kabla ya hapo. Thin Lizzy wa Dublin walishaipiga Whiskey in the Jar, wimbo wa zamani wa Kiayalandi, mwaka 1972. Ila kwa Thin Lizzy hilo lilikuwa jambo la wimbo mmoja. Skyclad ndio waliolifanya kazi ya maisha.

Nawaheshimu Skyclad, lakini kinachonirudisha kwao ni ulimi wa Walkyier, mafumbo yake na kejeli zake kwa wenye mali. Fidla yao mara nyingi ni mgeni aliyekaribishwa vizuri. Anakaa sebuleni, anapewa chai, anaondoka. Nyumba haijabadilika.

Sasa, kwa nini ndoa hii iliwezekana kabisa? Wengi watakwambia ni kwa sababu metali na hadithi za kale zote zinapenda vita, miungu na misitu. Hilo ni jibu la kwenye majalada ya albamu. Jibu lenyewe liko kwenye vidole vya mpiga gitaa. Metali husimama juu ya noti mbili zinazopigwa kwa pamoja, ya msingi na ya tano kutoka hapo. Noti ya tatu, ambayo kwa sikio la Kizungu ndiyo inayoamua kama wimbo una furaha au huzuni, haipigwi. Kwa kuwa haipo, mwimbaji ana uhuru wa kupita njia yoyote juu ya gitaa bila kugongana nalo. Noti ya msingi ikishikiliwa kwa muda, gitaa linafanya kazi ile ile ya zumari zenye mfuko wa ngozi za Uskoti au Estonia: mngurumo mmoja wa chini usiokatika, na wimbo ukizunguka juu yake. Mwanakijiji wa miaka mia tatu iliyopita asingependa kelele, lakini mpangilio angeutambua.

Uhuru huo una mpaka wake. Shingo ya gitaa ina vipande vya chuma vinavyokata sauti kwa vipimo vya Ulaya, na zile sauti za katikati ambazo mtu wa taarab amezizoea kwenye udi na kanuni hazimo. Ndiyo maana ninawapenda Orphaned Land wa Israel, walioanza mwaka 1991 na kutoa albamu yao ya Sahara mwaka 1994. Gitaa linapokwama, wao huiachia sauti ya binadamu njia. Sikiliza Sapari, kwenye albamu yao ya 2010. Maneno ni ya Shalom Shabazi, mshairi wa Kiyahudi wa Yemen wa karne ya 17, na anayeimba ni Shlomit Levi. Magitaa yanamfuata yeye. Bendi hii ina mashabiki katika nchi za Kiarabu ambazo haiwezi hata kwenda kupiga, na mwaka 2013 ilizunguka Ulaya pamoja na Khalas, bendi ya Wapalestina. Sisemi muziki umeleta amani. Kila mwenye redio anajua haujaleta. Ila angalau wimbo ule una mwenyewe, na mwenyewe anajulikana.

Finland ndiko mambo yalikokolea. Huko kuna Kalevala, utenzi ambao daktari Elias Lönnrot aliuunganisha kutokana na nyimbo alizokusanya vijijini, akauchapisha 1835 na kuupanua 1849. Msomaji wa Kiswahili anayejua jinsi tenzi zinavyobebwa na kumbukumbu za watu hatahitaji maelezo marefu. Mwaka 1994 Amorphis wakauchukua utenzi huo wakatoa Tales from the Thousand Lakes, na mwaka 1996 wakarudi na Elegy, iliyotumia maneno ya Kanteletar, mkusanyo mwingine wa Lönnrot. Hakuna fidla ya kujionyesha hapo. Kuna kinanda, sauti ya kunguruma, na nyimbo za gitaa zinazopanda na kushuka kwa hatua ndogondogo kama uimbaji wa kale wa Kifini. Kasoro yao ni moja, nayo si ndogo: waliimba kwa Kiingereza. Utenzi ulioishi kwa vina vya mwanzo wa maneno na mizani minane ukavuliwa lugha yake, na unaweza kusikia pengo lilipo.

Finntroll walikuja na jibu la kichekesho, na mimi nadhani ndio walioelewa zaidi kuliko wote. Bendi iliundwa Helsinki mwaka 1997, na badala ya kwenda kuchimba miungu ya kale wakachukua humppa, muziki wa dansi wa Kifini ambao babu na bibi walikuwa wakiuchezea kwenye kumbi za mashambani. Besi chini, gitaa juu, besi chini, gitaa juu, haraka haraka. Ukiongeza dramu za miguu miwili na mngurumo, unapata Trollhammaren ya mwaka 2004, wimbo ambao sijaona mtu akiusikiliza bila kutikisa kitu. Tena wakaimba Kiswidi, lugha ya Wafini wachache, kwa sababu ndiyo lugha ya mwimbaji wao wa mwanzo. Hapo jadi haikuongezwa juu ya metali. Ilikuwa ndani ya miguu ya mpiga dramu.

Korpiklaani wananitia uchungu. Jonne Järvelä aliishi Lapland, akajifunza joik, uimbaji wa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini huko, ambao hauelezei mtu au mnyama bali hujaribu kumwita kwa sauti. Bendi yake ya awali, Shaman, iliimba Kisami, na albamu ya Idja ya mwaka 1999 ina baridi na upweke ambao sijaupata kwingine katika metali. Mwaka 2003 jina likabadilika kuwa Korpiklaani, lugha zikabadilika, na baada ya miaka michache tukapata Vodka, halafu Tequila, halafu Jägermeister. Najua nyimbo hizo zinachangamsha uwanja; hata mimi ningeruka. Lakini mtu aliyekuwa ameshika joik mkononi akaibadilisha kwa orodha ya baa amefanya biashara ambayo mimi nisingeifanya. Walipa kodi ya nyumba watanipinga, na wana haki yao.

Kama ni lazima nitaje bendi moja ya kumshawishi asiyeamini, nitataja Týr wa visiwa vya Faroe. Visiwa hivyo viko katikati ya Norway, Iceland na Uskoti, na vina watu wasiozidi idadi ya mji mdogo wa mkoani. Kwa karne nyingi jadi yao ya muziki haikuwa na ala. Watu walishikana mikono wakazunguka chumbani, hatua mbili kushoto, moja kulia, miguu ikigonga mbao za sakafu, kiongozi akiimba ubeti na wote wakiitikia. Tenzi hizo zina beti nyingi ajabu, na zilitunzwa kichwani wakati Kidenishi kilipokuwa lugha ya kanisa na ya serikali. Kifaroe kilisalia kwa sehemu kubwa kwa sababu kilikuwa kinachezewa.

Heri Joensen na wenzake waliunda bendi mwaka 1998, na kwenye albamu ya How Far to Asgaard ya mwaka 2002 wakaweka Ormurin Langi. Utenzi huo uliandikwa mwaka 1830 na mkulima, Jens Christian Djurhuus, kuhusu meli ya mfalme Olaf Tryggvason na vita vyake vya mwisho karibu na mwaka 1000. Hawakuleta filimbi. Hawakuleta fidla. Wangezitoa wapi, na kwao hazikuwepo? Walichofanya ni kuwapa magitaa mzunguko wa ile dansi, na ukisikiliza vizuri utagundua wimbo haukai sawasawa kwenye hesabu ya nne za roki. Unachechemea kidogo, kama watu wanaokwenda hatua mbili huku na moja kule. Mpiga dramu amefuata miguu ya bibi zake badala ya kitabu cha mazoezi. Kila mara mtu anaponiambia metali ya jadi inahitaji ala za jadi, mimi huwapeleka kwenye wimbo huu.

Metsatöll wa Estonia wana ala zote, zumari ya mfuko na kinubi cha kupakatwa, na bado wanafaulu, kwa kuwa Lauri Õunapuu alianza na nyimbo za kale zenyewe, regilaul, zile ambazo mmoja anatoa mstari na wenzake wanaurudia. Waliwahi kuipiga Raua needmine, yaani laana juu ya chuma, utunzi wa Veljo Tormis, pamoja na kwaya ya taifa ya wanaume ya Estonia. Ni kitu cha kutisha, kwa maana nzuri.

Halafu kuna Eluveitie. Hapa najua nitagombana na watu. Chrigel Glanzmann aliianzisha bendi hiyo Uswisi mwaka 2002, na ni wanamuziki hodari kuliko wengi niliowataja. Wanaimba kwa Kigauli, lugha ya Wakelti wa bara iliyokufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakisaidiwa na wataalamu kuijenga upya. Wimbo wao maarufu, Inis Mona wa mwaka 2008, umejengwa juu ya Tri Martolod, wimbo wa mabaharia wa Bretagne, Ufaransa, uliotangazwa na Alan Stivell miaka ya 1970. Maneno ni Kiingereza, jina ni la kisiwa cha Wales, wapigaji ni Waswisi. Ni wimbo mtamu, sikatai. Lakini ule si urithi wa kijiji chochote. Ni duka la vitu vya Kikelti lililopangwa vizuri. Walipotoa Evocation I mwaka 2009, albamu ya ala zisizo za umeme, bila kelele za metali, nilianza kuwaelewa. Pengine ndiyo kazi waliyotaka kuifanya tangu mwanzo.

Mwaka 2008 ziara ya Paganfest iliwakusanya Ensiferum, Moonsorrow, Korpiklaani, Eluveitie na Týr wakazunguka Ulaya pamoja. Kibiashara ulikuwa wakati wa mavuno. Ndipo pia helmeti za plastiki zenye pembe zilipojaa viwanjani, pembe ambazo Waviking hawakuvaa. Helmeti iliyopatikana Gjermundbu, Norway, mwaka 1943 ni bakuli la chuma lenye kinga ya macho, na pembe ni mavazi ya opera za karne ya 19. Hili lingekuwa la kuchekesha tu kama mavazi hayo yasingewavutia watu wabaya. Muziki unaosifu damu, ardhi na mababu huko Ulaya haukosi wanaotaka kuutumia kuwafukuza majirani. Moonsorrow na Týr walishutumiwa hadharani mwaka ule ule kuwa na mwelekeo wa Kinazi, wakakana hadharani, na Týr wakajibu mwaka 2009 kwa wimbo uitwao Shadow of the Swastika unaoukataa uchafu huo waziwazi. Naamini walivyosema. Naamini pia kwamba bendi iliyoshika wimbo halisi wa watu halisi, wenye jina na kijiji, ina kinga zaidi kuliko ile iliyoshika ndoto ya Ulaya ya kale. Utenzi wa mkulima wa Faroe ni mgumu kuugeuza bendera ya watu weupe wote duniani. Una mambo yake mwenyewe.

Nje ya Ulaya uzito wa jambo hili unabadilika, maana huko jadi haikulala makumbusho. Ilipigwa marufuku, ilidhihakiwa, au ilinyang'anywa. Ndugu wawili wa New Zealand, Henry na Lewis de Jong, walianza Alien Weaponry wakiwa watoto, wakaimba Kimaori kwa sababu ndicho walichosomea. Rū Ana Te Whenua inahusu vita vya Pukehinahina vya mwaka 1864, ambavyo babu yao wa zamani alifia. Raupatu inahusu sheria ya mwaka 1863 iliyotumika kuwapokonya Wamaori ardhi. Mtu wa Kenya akisikia hiyo ya pili hatahitaji mkalimani. Na muziki? Gitaa, besi, dramu, basi. Ila maneno yanatupwa kwa kishindo cha haka, dansi ya Wamaori ya kujipiga kifua na paja, na magitaa yamejipanga nyuma ya kishindo hicho.

Wamongolia The HU walifanya kinyume chake na wakafaulu vilevile. Walitoa video za Yuve Yuve Yu na Wolf Totem mwaka 2018, kisha albamu ya The Gereg mwaka 2019. Wao wana ala tele: morin khuur, ile fidla ya nyuzi mbili yenye kichwa cha farasi, na uimbaji wa kooni unaotoa sauti mbili kwa mtu mmoja. Mbona siwaiti wa mavazi? Kwa sababu ukiondoa morin khuur hakuna wimbo unaobaki. Ndiyo gitaa lao. Mwendo wote ni wa farasi anayekwenda shoti, na chochote cha kisasa kimeombwa kumfuata farasi.

Sepultura wa Brazil niwataje harakaharaka. Albamu yao ya Roots ya mwaka 1996 ilibadilisha masikio ya watu wengi, na walikwenda hadi kijiji cha Wazavante, wenyeji wa asili wa Brazil, wakarekodi Itsári pamoja nao. Hata hivyo wimbo ule umekaa peke yake mwishoni mwishoni mwa albamu, bila gitaa la umeme, kama picha ya safari. Midundo ya Carlinhos Brown, mpiga ngoma wa Kibrazili, ndiyo iliyoingia kwenye damu ya albamu ile.

Afrika tumefika wachache lakini tumefika. Arka'n Asrafokor wa Lomé, Togo, wametoa Zã Keli mwaka 2019 na Dzikkuh mwaka 2024, na ndani yake kengele ya chuma ya Waewe ndiyo inayoshika muda, jambo ambalo kila mpiga ngoma wa Ghana na Togo angelitarajia na wapiga dramu wengi wa metali wasingeliweza. LohArano wa Antananarivo wanachukua tsapiky na salegy za Madagaska, midundo ya harusi na mazishi na kucheza hadi asubuhi, wanaisukuma hadi inaanza kuuma. Nairobi ilitupa Duma, vijana wawili waliotoa albamu mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hiyo si metali ya jadi, ni tetemeko. Bendi nyingine za Kenya nilizosikiliza, na ninazipenda, zinaimba Kiingereza na kupiga kama watu wa Marekani.

Nikiwaza itakuwaje siku mtu akijaribu kwetu, naogopa naijua tayari: wimbo wa kawaida wa metali, halafu katikati nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, inaingia kwa sekunde ishirini, kamera inamsogelea mpigaji aliyevaa manyoya, kisha tunarudi tulikokuwa. Tafadhali, hapana. Mpigaji wa nyatiti ana nyuzi nane mikononi, njuga mguuni, na pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu anachogongea mti wa ala yake. Mtu mmoja tayari ni gitaa, dramu na mwimbaji, na chuma chake anacho. Bendi ya Kisumu au Nairobi itakayothubutu, ombi langu kwao ni kwamba kwenye albamu ya kwanza nyatiti yenyewe waiache nyumbani. Mpiga dramu apewe kazi ya oduong'o, wapiga gitaa wagawane zile nyuzi nane, mwimbaji aimbe Kijaluo na asitafsiri. Nyatiti iingie kwenye albamu ya pili, wakishajua mahali pake.